Kiti cha Mbele

Walituonya wenye kujua: kayaki ya viti viwili
huvunja ndoa kabla haijavunjika yenyewe.
Tukacheka, Owora na mimi, pale Bukakata,
tukifungasha mchele kwa nailoni mara mbili,
hema lenye nguzo iliyogangwa kwa mpira wa baiskeli,
na vidonge vyake vya presha ndani ya kopo la majarini.

Miaka ishirini na sita nimelala naye uso kwa uso.
Sasa mchana kutwa nampa mgongo.
Yeye tezi, na usukani wa kukanyaga kwa miguu;
mimi omo, napokea mawimbi kifuani.
Wahenga walisema marejeo ni ngamani,
lakini chombo chetu hakina ngama:
kina matundu mawili tu, kila mtu na lake.
Namjua kwa sauti. Kikohozi. Mluzi.
"Kushoto, Athieno, kushoto."
Na matone ya kafi lake yakinidondokea begani
kama mtu anayehesabu kitu polepole.

Usiku wa kwanza, Bugala, tumbili walikula mkate wote
wakatuachia mfuko.
Wa pili, kwenye mwalo mdogo
wenye dagaa walioanikwa hadi mlangoni mwa kanisa,
mama mmoja alituuliza nani katufukuza.
"Hakuna aliyetufukuza."
"Basi injini imekufa."
"Hatuna injini, mama."
Akatutazama hivi, akatupimia kibaba cha dagaa,
akakataa pesa.

Siku ya tatu wakainuka sami,
wale wadudu wa ziwa, moshi usio na moto.
Tulivuta sami, tukala wali wa sami,
tukalala na sami masikioni.

Siku ya nne.
Kati ya Bufumira na Bukasa maji yametanuka,
upepo ukageuka, ukaja na ubavu.
Nikahisi begani: pakavu.
Kafi langu likaingia, likatoka. Pakavu.
Nikasema moyoni, anapumzika. Dakika tano.
Ikapita saa nzima.
Mluzi upo. Usukani unatii.
"Kushoto, Athieno," kwa pumzi ya mtu anayevuta.
Mwongo.

Sikugeuka. Ukigeuka ghafla mnapinduka;
na tena, mtu anayejificha nyuma ya mgongo wako
ameuamini huo mgongo.
Nilivuta kwa hasira kwanza,
hasira ya ada za shule, ya jiko lisilotengenezwa,
ya shemeji aliyekuja wiki moja akakaa miaka mitatu.
Hasira ina nguvu, ila haifiki mbali.
Ilipoisha nikabaki na mikono
na ule mwaka niliolazwa Tororo,
yeye akija kila Jumapili na habari za ng'ombe:
Madoa amezaa, Madoa anatoa maziwa mengi.
Niliporudi nyumbani zizi lilikuwa limeota majani.
Sikuuliza. Wala hakusema.
Nikavuta.

Bukasa, giza limeingia, shati likamshinda kuvua.
Mkono wa kulia haukupita sikio.
"Tangu lini?"
"Tangu juzi."
Nikamvua kama mtoto, nikamsugua mafuta ya mgando
mpaka bega likapata moto.
"Nilijua," nikasema.
"Nani alikwambia?"
"Bega langu. Halikulowa."
Akanyamaza kitambo. Nje, kiboko akapumua majini,
karibu mno, nasi tukashikana
kwa sababu isiyo na mahaba hata kidogo.
Kisha akacheka, akaumia, akacheka tena.
"Madoa," akaanza kusema.
"Najua," nikamwambia. "Lala."

Asubuhi ziwa limelala kama bati jipya.
Entebbe bado, siku mbili za mtu mmoja.
Nikakaa kiti changu, nikampa mgongo.
Tulipoacha miamba nyuma
akachovya ule mkono mzima, wa kushoto,
akanirushia tone begani.
Moja.
Nikavuta.
La pili.